Ila ya Mzee Kaniki

Enzi zetu ulifika shule ukiwa umeshalowa, na wala si kwa mvua. Kijiji chetu kiko milimani, juu ya Gare na chemchemi iko chini kabisa bondeni, kwa hiyo kila alfajiri tuliteremka na ndoo ndani ya ukungu, kisha tukapanda na jani la mgomba likielea juu ya maji ili yasimwagike. Yalimwagika. Yalipita shingoni, yakashuka mgongoni, yakaishia kwenye kaptula, na wenzako darasani wakajua la kusema. Lakini tulicheka, jamani. Kurudia ndoo ya pili tulikalia magome ya mgomba tukaserereka mteremko mzima, na nguo zilizochanika matakoni tukawaachia mama zetu wazishone.

Mama yangu ndiye aliyekuwa hacheki. Magoti yalimuuma, na duniani alitaka kitu kimoja tu: bomba karibu na jiko lake.

Sasa nieleze salamu za kwetu, maana vijana wa leo wakisema shikamoo utadhani wanapiga chafya. Sisi ukiulizwa habari, ulijibu nzuri. Hata kama upepo umeezua paa, nzuri kwanza. Za watoto, nzuri. Za shamba, nzuri. Mgeni akishakaa na kunywa chai, hapo ndipo unasema "ila". Shida zetu zote ziliishi nyuma ya hiyo ila. "Mgeni humpokei na kilio," mama alituonya, "atadhani amekuja msibani."

Basi siku moja akaja bwana wa maji kutoka Tanga, kwa gari, amevaa viatu vinavyong'aa. Tulimchotea maji ya kunawa, akanawa mpaka kwenye viwiko. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Kaniki, alivaa koti lake la harusi.

"Habari za maji hapa?" akauliza bwana maji.

"Nzuri," akajibu Mzee Kaniki.

"Mnayapata?"

"Tunayapata, tunashukuru Mungu."

Bwana maji akaandika. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na dereva aliogopa utelezi, akawasha gari. Mama alikuwa bado jikoni anapuliza moto wa chai. Mzee Kaniki akabaki na ila yake mdomoni. Alipozinduka, gari lilikuwa limeshapinda kona. Akakimbia na koti lake akiita, "Ila, bwana! Ila!" Sisi watoto tukamfuata, kijiji kizima cha watoto, tunapiga kelele, "Ila! Ila!" Dereva akatoa mkono dirishani, akatupungia.

Mama alitoka na birika, akatazama barabara, akaketi kwenye kizingiti akalia. Kesho yake akashika ndoo. Aliendelea kuishika mpaka sisi tukaota ndevu.

Bomba lilikuja juzijuzi tu, na sifa ni za hao hao vijana ninaowasema. Mtoto wa kaka yangu, asiye na adabu hata ya kununua, alimvaa afisa mwingine kabla hajafunga mlango wa gari: "Maji hatuna, tunateseka." Shikamoo hakuna, nzuri hakuna, ameanza na ila yenyewe. Mama aliona aibu, akamfungashia mgeni kikapu cha matunda ya mafyulisi cha kuomba radhi. Leo koki iko hatua chache kutoka jikoni, na kijana huyo huyo yuko Dar, anamsalimia bibi yake kwa kutuma picha ya kidole gumba.

Mimi niko hapa Tanga, humpigia mama simu kila Jumapili. Jumapili iliyopita nilimwamkia, nikauliza habari za huko.

"Nzuri."

"Za magoti?"

"Nzuri."

"Maji yanatoka?"

"Yanatoka, mwanangu, tele, yananifuata mpaka jikoni."

Wengine wangeaga hapo wakakata simu. Mimi nimelelewa kule, nikasubiri.

"Ila," akasema mama, "wachotaji wote mmehama."