Mchanga Ni wa Nani

Fomu zangu za Tiira, zile za kuuliza watu kazi zao, zilirudi zote. Msimamizi wetu alizimwaga mezani pale ofisini Busia, akaniuliza mbele ya wenzangu, "Madamu, Tiira wote ni wakulima? Basi dhahabu inachimbwa na malaika?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimeandika vile watu waliniambia. Namuuliza mtu kazi yako ni gani, anasema mimi mkulima, naandika namba ya kilimo. Hata mimi ukiniuliza ghafla nitasema mkulima, na shamba langu la Lunyo ni kipande tu cha muhogo nyuma ya nyumba. Kwetu ndivyo mtu anajibu. Kazi zingine zote tunaona ni za kujishikiza tu.

Msimamizi akatufundisha upya. Karatasi hizi zinaenda mji mkuu, huko wanajumlisha kila aina ya kazi imeleta nini kwa nchi nzima. Ukiweka wachimbaji kwenye kilimo, dhahabu itaonekana kama imeanguka tu kutoka mbinguni. "Usiandike mtu anajiita nani," alisema. "Andika mikono yake imefanya nini siku saba zilizopita. Halafu uliza, kile anachokishika ni cha nani." Anayeosha mchanga wake mwenyewe, huyo ni mchimbaji wa dhahabu. Anayelipwa kuosha mchanga wa mtu, huyo anawafanyia wachimbaji kazi, na namba yake ni nyingine.

Niliyaandika hayo maneno kwenye daftari, nikayapigia mstari. Mimi shule nimeimaliza ukubwani, masomo ya jioni, watoto nyumbani wakijipikia. Kitu nikikishika sikiachi haraka.

Kesho yake nikarudi Tiira. Wa kwanza niliyemfuata alikuwa mama mmoja aliyekuwa amechutama kwenye dimbwi kando ya shimo, anazungusha karai. Ilikuwa saa ya chakula, wanaume wameondoka, yuko peke yake.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Umerudi? Muhogo wangu bado haujakomaa."

Nikacheka, nikachutama karibu yake. Nikamwambia juzi nilimwandika mkulima, nikakosea.

"Wewe ni wa kodi?"

"Hapana."

"Wa leseni?"

"Hapana, mama. Majibu yako hayaendi kwa mtu yeyote wa hapa."

"Apa."

"Kwetu kanisani hatuapi. Nikisema sitamwambia mtu, sitamwambia."

"Walioniapia wote waliniangusha," akasema. "Wewe usiyeapa, labda."

Ndipo akaniambia. Asubuhi anamwoshea bosi wa shimo mchanga, analipwa kidogo. Mchanga ukishaoshwa unamwagwa pale pembeni, na saa ya chakula, wakati hakuna anayeangalia, yeye anaurudia polepole. Dhahabu kidogo huwa imebaki. "Kwa ule wa asubuhi napata sabuni. Kwa huu nalisha watoto. Bosi akijua, hapa sitakanyaga tena."

Alisema hivyo huku karai likizunguka. Nikaandika. Nikafika kwa lile swali la kupigiwa mstari, na mimi, kama mjinga, nikaliuliza kwa sauti ya ofisi.

"Sasa mama, huu mchanga unaoosha saa hii, ni wa nani?"

Mikono yake ikasimama. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Jibu," sauti ya mwanaume ikasema. "Hata mimi nataka kusikia."

Alikuwa bosi, na gambuti zake, bado anatafuna.

"Leta hiyo karatasi," akaniambia.

"Siwezi, bosi. Majibu ya mtu hayaonyeshwi mwingine. Ni sheria."

"Sheria iko Kampala. Hapa ni shimo langu."

"Najua. Lakini karatasi siyo yako."

"Basi chagua, madamu. Naona karatasi, ama huyu anatoka."

Sitadanganya, nilifikiria. Kalamu ilikuwa mkononi. Ningekata mstari mmoja, niandike kilimo, nimwonyeshe, na yule mama abaki na karai lake. Lakini ingekuwa uongo, na yale mengine niliyoandika yangebaki kwenye karatasi hiyo hiyo, anaweza kuyasoma. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo anipe neno la kusema. Nikaingiza fomu kwenye bagi, nikaweka bagi chini, nikaikalia hapo hapo kwenye tope.

Wanaume walikuwa wanarudi kutoka kula. "Mwacheni!" mmoja akapiga kelele. "Analalia mayai!" Wakacheka kweli kweli.

Bosi hakucheka. Alilichukua karai, akamwaga mchanga dimbwini, akamrushia mama karai tupu miguuni. "Nenda. Na wewe mlalia mayai, mfuate."

Tulitembea njia ya mihogo, yeye mbele, mimi nyuma, gauni langu limejaa tope. Mwishowe nikasema, "Mama, nimekuharibia. Nisamehe."

"Ungeangalia nyuma kwanza kabla ya kuuliza."

"Ni kweli."

"Watu wa ofisi hamuangaliagi nyuma." Akatembea kidogo. "Lakini leo nimefukuzwa shimo moja. Ungemwonyesha, ningeitwa mwizi Tiira nzima. Maliza maswali yako, jua linachoma."

Nikauliza tena lile swali, chini chini, nikiwa nimeangalia pande zote.

"Ameutupa," akasema. "Mimi nimeuokota. Basi ni wangu."

Nikaandika namba ya uchimbaji wa dhahabu. Fomu inauliza siku saba zilizopita tu. Ya kesho haiulizi, na mimi nilikosa ujasiri wa kumuuliza.

Mbele kulikuwa na shimo lingine, la mwenyewe mwingine. Mama akajifunga kitenge upya, akanigeukia.

"Wewe baki hapa, na hiyo bagi yako. Wakituona pamoja, sipati."

Nikabaki kwenye mihogo. Nilimwona akisalimia, akionyesha karai, akisimama. Mtu mmoja akatikisa kichwa. Mwingine akaongea naye muda mrefu, nami nilikuwa naomba macho wazi, nisipitwe na kitu. Mwishowe akachutama kwenye maji. Hakugeuka kuniangalia. Nikazunguka kwa njia ya mbali, ili hata kivuli changu kisifike pale.