Barua Niliyoificha Magoudjou

Nakumbuka asubuhi moja pale Magoudjou, mwanangu, nilipoona godoro la bibi mzee limetupwa barabarani, na mimi ndiye niliyekuwa nimemkataza asikubali msaada. Jambo hili nimelisimulia mara chache sana, kwa hiyo nivumilie nikisitasita.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mwaka uliotangulia, mimi na mama tulikuwa tumerudishwa kutoka Majunga, kule Madagaska, Wakomoro walipouawa huko, tukapanga chumba Moroni, mtaa huo wa Magoudjou. Katika chumba cha pili cha nyumba ile alikaa Koko Zaina. Koko kwetu ndiyo bibi. Alikuwa hana mtoto, na mimi ndiye niliyemchotea maji. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara wa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, na huku Moroni iliangaliwa na mpwa wake, Ahmada.

Ndipo wakaja wale askari wa kukodiwa, Wazungu wenye bunduki, na serikali ikabadilika. Haukupita muda Ahmada akatuambia mjomba wake ameagiza tuhame kabla ya mwezi kwisha. Majirani walinong'ona kwamba askari mmoja ameipenda nyumba. Nani angethubutu kuuliza? Siku zile mtu akitaka hata kukohoa, alitazama kwanza nani yuko nyuma yake.

Wiki hiyo hiyo akatujia Bwana Madi. Alikuwa karani wa mahakama aliyeachishwa kazi, na kila alasiri alikaa barazani kwake akiwasomea watu karatasi zao na kuwaandikia, bila malipo.

"Mwenye nyumba hawezi kuwatoa kwa mkono wake," alituambia. "Aende kwa hakimu, na hakimu awasikilize na nyinyi. Msitie sahihi karatasi yoyote kabla sijaisoma."

Akaandika barua ya Kifaransa kwa mwenye nyumba, kuuliza kama kweli ameagiza tutolewe. Akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa nauza vitambaa soko la Volo Volo na wasafiri wa Mutsamudu nikiwajua.

Sikuipeleka, mwanangu. Bwana Madi naye alikuwa mtu wa Mutsamudu, lafudhi yake haikujificha. Mtu wa mji mmoja na mwenye nyumba, anasaidia wageni, hataki hata kikombe cha chai! Nikasema huyu ametumwa. Mimi Kifaransa sikukijua, basi ndani ya barua ile niliona kila ubaya nilioutaka kuuona. Nikaificha chini ya mkeka. Kisha nikamwendea Koko Zaina nikamwambia, "Usimsikilize mtu yule. Anapeleleza."

Akanisikiliza mimi.

Siku kumi baadaye nilirudi kutoka sokoni kuchukua kitambaa, nikakuta godoro nje, na sufuria zake, na Koko amekaa juu ya kinu chake akitazama chini. Ahmada alikuwa amemletea karatasi, akamwambia ni ya kumwongezea muda. Koko akaweka dole gumba. Ilikuwa karatasi ya kukubali kuhama.

Bwana Madi alifika akihema. Akasimama mlangoni petu akamwambia Ahmada, "Hawa hawajasaini kitu. Nionyeshe amri ya hakimu." Ahmada hakuwa nayo. Aliondoka akitukana, lakini chumba cha Koko alikuwa amekwisha kukifunga.

"Jibu la Mutsamudu bado?" Bwana Madi akaniuliza.

Nikaingia ndani nikamtolea barua, bado imefungwa, nikakiri na yale niliyomwambia Koko. Aliitazama, akaifungua, akaisoma kwa sauti katika lugha yetu, mbele ya wote. Mstari wa kwanza ulimtaja Koko Zaina: ni mzee, ni mjane, tafadhali asiguswe. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kunishuku si kosa," alisema taratibu. "Hata mimi siku hizi nawashuku watu. Lakini ungeniuliza. Ungempa mtu mwingine akusomee. Wewe umemshauri mzee kwa jambo usilolijua."

Nilipanda meli wiki hiyo nikaipeleka mwenyewe. Mwenye nyumba aliisoma mara mbili, akasema, "Mimi sikuagiza mtu atolewe." Akaandika kwa mkono wake tubaki sote, na Ahmada akanyang'anywa funguo. Yule askari, kama kweli alikuwepo, hatukumwona hata siku moja.

Nikaenda kijiji cha Vouvouni, Koko alikokuwa amehamia kwa mpwa wake, nikamwambia chumba chake kimerudi. Akakataa. "Nimechoka kufungasha," alisema. Nikamwomba radhi nikilia. Akanishika mkono akasema, "Nilikuamini kwa sababu ulikuwa ukinichotea maji." Alifia huko huko, Ramadhani haijaingia.

Basi mwanangu, sikuambii umwamini kila anayekuja na kalamu. Ukiambiwa hama, usihame kwa neno la mdomo, wala usiweke kidole kwenye karatasi usiyosomewa. Watafute wanaojua sheria. Wapo wanaosaidia bure. Ukiwatilia shaka, waulize usoni nani kawatuma, na karatasi yao mpe mtu wa pili aisome. Ila shaka yako usimpe mwenzako kama ushauri mpaka umeichunguza.

Mungu akupe paa lisilo na wasiwasi, na ulimi usiomtoa mtu kwake.