Mbeleko ya Kununua

Mara ya kwanza mwalimu alipoingia kibandani, fundi cherehani alidhani amepungukiwa akili. Wateja wote huulizia kitambaa kipya. Huyu alitaka kikuukuu, kilichopauka kwa kufuliwa.

"Cha kudekia?"

"Cha kubebea mtoto, mama."

Ndipo akaeleza. Darasa lake lilikuwa limegawanyika, wenye viatu huku, pekupeku kule, na wote wakipatana kwa jambo moja tu: kumcheka msichana wa kituo cha yatima, waliyemwita Kiokote. Mwalimu akabuni dawa. Kila mtoto alete kipande cha mbeleko yake, aseme nani alimbeba, kisha vishonwe pamoja viwe pazia la darasa. Ukishajua mwenzio naye alililia mgongoni mwa mtu, utamdharau vipi? Ila Kiokote hakuwa na cha kuleta. Tangu siku ile alijificha chooni mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

"Nitamwambia ni ya mamake, kituo kilimhifadhia. Nikimpoteza huyu, sijui pale nafundisha nini."

Fundi aliuona uongo ule jinsi ulivyo mwepesi. Alimwona pia mteja mwenye shida, na mwenye shida hapunguziwi bei. Akachomoa kitenge cha njano kwenye rundo la nguo kuukuu alizonunua mtaani. Kilikuwa na tundu la pasi. Akaona kwa tundu hilo kitaaminika zaidi.

"Mimi nauza kitambaa, mwalimu. Hadithi ni yako."

Kiokote alisimama mbele ya darasa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika dawati la mwisho: "Mama alinibeba kwa mbeleko hii."

"Mamako nani?" binti mmoja akadakia. "Hiyo ya kwetu. Hapo dada aliunguza." Akainua kipande chake, njano ile ile. Mama yake alikikata kwenye kitenge hicho, kilichobaki akamuuzia fundi. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu alirudi kibandani macho yamemwiva. "Umenimaliza, mama. Mtoto hali, hasemi."

"Nilikupa ulichoomba," fundi akajibu, lakini mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani.

Siku chache baadaye mwalimu alileta vipande vyote, na juu yake shuka la kituo lenye muhuri. Alikuwa amekwenda kituoni kuomba radhi, mpishi wa kule akamkata kauli: "Nilimbeba mimi, kwa shuka hili, huku nasonga ugali. Mbona hukuuliza?"

Pazia likashonwa. Mwenye kipande cha njano ndiye aliyehamia dawati la Kiokote, na jina lile likafa lenyewe. Kitenge kilirudi kwa fundi, wala hakuna anayekiulizia. Sare za shule zilizokuwa zije kwake zikaenda kwa fundi mwingine.

Naye mwalimu? Darasa lake limeungana. Ila akisema jambo, hata jibu la hesabu, yule msichana wa kituo huwageukia kwanza wenzake, aone kama ni kweli.