Kizuka Aliyekwenda Darasani

Mtaani Rosettenville mwanamke akifiwa na mume, hufungwa pamoja na madirisha. Mapazia yanashushwa, redio inafunikwa kitambaa, na yeye anavikwa nyeusi tangu kichwani hadi soksi. Mwaka mzima njia yake ni moja tu, ya kanisani. Ndivyo walivyofanya mama zao kisiwani Madeira, na waliohamia Johannesburg waliibeba desturi hiyo pamoja na masufuria. Mwanamume akifiwa na mke, wiki ya pili utamkuta baa anacheza karata. Hilo hakuna aliyelitungia desturi.

Deolinda Nóbrega alikuwa na miaka hamsini na saba alipofiwa na Virgílio, Julai ya 1986. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepima viazi na kabichi katika duka lao bila kuweza kusoma hata kibao cha mlangoni. Tangu Februari alikuwa akijifunza kusoma Kireno, lugha yake mwenyewe, kwa Mwalimu Ofélia, kila Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa kanisa. Virgílio alikuwa akimcheka. "Samaki mkunje angali mbichi," akimwambia, "wewe umeshakauka."

Sheria ya darasa ilikuwa kali: ukikosa mara tatu jina linafutwa, na mtihani wa darasa la nne huufanyi. Deolinda alikosa Jumamosi ya maziko. Akakosa na iliyofuata, ya misa ya marehemu. Leo ilikuwa ya tatu.

Saa saba unusu alitoka chumbani amekumbatia daftari. Sebuleni walikaa Aníbal, mdogo wa marehemu, na Graciete, mama wa ubatizo wa binti ya Deolinda; wao wawili waliitana komadre.

"Saa hizi hakuna misa," Aníbal alisema.

"Najua."

"Sasa unakwenda wapi, shemeji?"

"Shule."

Graciete akajishika mdomo. "Komadre, wewe kizuka. Hata udongo wa kaburi haujakauka. Watu watasema ulikuwa unamngojea afe."

"Waseme. Midomo ni yao."

"Na heshima ya kaka yangu je?" Aníbal alinyanyuka, akasimama mlangoni. "Mwaka mmoja tu, shemeji. Shule haina miguu, itakukimbia iende wapi?"

Deolinda alihisi hasira ikimpanda tangu magotini. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa na miaka saba bibi yangu alipokufa. Wakanivika nyeusi, wakanitoa shuleni. Mpaka matanga yaishe tu, wakasema. Yakaisha, nikapewa sindano nidarizi vitambaa vya meza za watu. Hakuna aliyekuja kuniambia nirudi. Hiyo shule isiyo na miguu, Aníbal, huu mwaka wa hamsini naikimbiza. Toka mlangoni."

Hakutoka. Deolinda akapitia mlango wa jikoni.

Alipopita kabatini alichomoa barua moja kutoka kopo la biskuti, maana Mwalimu Ofélia alikuwa amewaagiza kila mmoja aje na maandishi yoyote ya nyumbani. Zilikuwa barua za dada yake Idalina, aliyebaki kisiwani. Siku zote Virgílio ndiye aliyemsomea. Kurasa nne alizimaliza kwa pumzi moja: "Wote wazima, wanakusalimu."

Ukumbini mwalimu aliita majina. "Nipo," Deolinda alijibu, kwa nguvu hata wenzake wakageuka. Kisha akaikunjua barua, akaifuata kwa kidole, neno kwa neno. Ilikuwa ya Novemba, miaka tisa nyuma.

"Deolinda, mama ana hali mbaya. Kila asubuhi anauliza kama umefika. Hii ni barua ya tatu, mbona hujibu? Njoo."

Mama alikufa Januari iliyofuata. Novemba ile Deolinda aliikumbuka vizuri. Krismasi ilikuwa inakaribia, duka limejaa watu, na Virgílio alikunja karatasi akasema wote wazima.

Mwalimu Ofélia alimwona amekaza macho mahali pamoja, akamwinamia. "Neno gani linakushinda, mama?"

"Hakuna," Deolinda alisema. "Yote nimeyasoma."

Hakukosa Jumamosi nyingine, na mtihani aliufanya akaushinda. Nguo nyeusi hakuivua. Aliivaa mwaka mzima, akaongeza wa pili, na Aníbal aliyekuwa amemnunia akaanza kumsifu mtaa mzima: yule ndiye mjane, anajua kumlilia mume. Siku moja akamsifu mbele yake, dukani, wateja wakisikia.

Deolinda aliendelea kupima viazi.

"Mume gani?" alisema. "Namlilia mama yangu."