Mlango Uliokataa Kulia

Wahitimu wa chuo kile wanamwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa kuwa akikupigia simu haombi kitu mpaka akujulie hali, akusute kidogo, aulize na mama yako anaendeleaje. Ndiyo kazi yake: kila mwaka kuwakumbusha walioondoka kwamba walikotoka bado kuna watu.

Mwaka ule mchango usingetosha kulipia umeme, ukumbi wa kusomea ungekuwa ukifungwa kila siku jua likizama, na wanafunzi waliokimbilia pale kwa kuwa kwao wanabanana chumba kimoja wangekosa pa kwenda. Ilibaki jioni moja na mtu mmoja: mkandarasi ambaye darasa lake zima lilikuwa likimtazama. Akitoa, watatoa. Naye kila mwaka alikataa.

Lakini Shangazi alikuwa na silaha: sauti ya kumrudisha ujanani. Mlango wa ukumbi ule ulikuwa ukilia tangu enzi za mkandarasi akisoma pale. Hapakuwa na mchelewaji ambaye haukumuumbua. Akatoka ofisini mbio, simu sikioni, viatu mkononi.

"Shangazi, usinichune. Sina kitu."

"Nani kakuomba? Hebu sikiliza hapa."

Akausukuma mlango. Kimya. Fundi alikuwa ameupaka mafuta asubuhi, tena kwa kusumbuliwa na Shangazi mwenyewe, ambaye alikuwa ameshasahau.

"Nisikilize nini? Upepo?"

Shangazi akavuta pumzi, akapanua kinywa: "Kriiiiii-kwaa!"

Vichwa vyote ukumbini vikainuka, kisha kikalipuka kicheko.

"Wee! Huo si mlango," alisema mkandarasi, akicheka mpaka akapaliwa. "Huyo ni wewe!"

"Ni mimi, kaka yangu. Mlango umepakwa mafuta."

"Na hao wanaocheka?"

"Ndio wenye mlango sasa."

"Wengi hivyo?"

"Viti havitoshi. Wengine wako sakafuni."

Sisi tunaozeeka hudhani vyumba vya ujana wetu vilifungwa siku tulipoviacha, vikabaki na vumbi na majina yetu. Kumbe kuna mtu amekalia kiti chetu, hata hakijapoa.

"Natuma sasa hivi," mkandarasi alisema, sauti imebadilika. "Wenzangu niachie mimi, nitawasumbua mpaka wakome. Ila Shangazi, mwakani unipigie tena. Na ulie hivyohivyo."

Shangazi alirukaruka peku pale mlangoni kama mtoto aliyeona mvua. Jua likazama, taa zikawaka. Ndani, wenye kusoma walikuwa wameshainamia vitabu vyao, na mtu mmoja, bila kuinua kichwa, akamwambia, "Shangazi, tunasoma."