Nchi Alizojaribu Shemeji

Mume wa dada yangu alipostaafu alitutangazia mezani kwamba wanahama. Hakusema wanakwenda wapi. Alisema tu kwamba uzee wao wataumalizia ugenini, mahali ambapo hakuna anayewajua, na kwamba kazi iliyobaki ni kuichagua nchi yenyewe. Dada alikuwa anakunja nguo. Alinyoosha mikono ya shati, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Sawa tu."

Mimi nilikuwepo kwa sababu siku hizi mimi ndiye mtu wa kuwepo. Ni mdogo wake, fundi wa mapazia. Nilikuja kwao baada ya msiba, nikasema nakaa siku chache, na mpaka leo cherehani yangu imekula nusu ya korido yao. Msinidhanie mpole. Sina subira kabisa na mtu anayejibu "sawa tu," na dada yangu wakati huo alikuwa hana jibu lingine.

Hakuzaliwa hivyo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa. Alikaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, yeye na mwenzake wa meza ya pili, na kila simu iliyoingia hospitalini ilipitia kwao kwanza. Watu walipiga wakiwa wamechanganyikiwa, wengine wanalia, wengine wanatukana, naye aliwajibu kwa sauti moja laini iliyonyooka kama shuka lililopigwa pasi: "Subiri kidogo, nakuunganisha." Hakuna aliyewahi kumsikia akiipandisha. Lakini sauti ile ilikuwa ya kazini. Aliivua mlangoni pamoja na viatu, na akishaingia ndani alikuwa mbishi, mcheshi, mwenye makelele, mtu wa kugombana hata na redio. Mwanawe alikuwa akimwambia, "Mama, mtangazaji hakusikii," naye anajibu, "Atanisikia leo."

Huyo mwana ndiye waliyekuwa naye, mmoja tu. Mtoto wa dada ni mtoto wangu pia, na mimi aliniita mama mdogo hata alipokuwa na ndevu. Alikuwa dereva wa lori. Alipopata ajali, waliomwokota walikuta kwenye pochi yake karatasi yenye namba ya kazini kwa mama yake. Wakapiga. Dada akapokea. Sauti upande wa pili ikasema inamtafuta mama mzazi wa kijana fulani, ikataja jina lote, ikasema kijana amefariki. Na dada yangu akasema, "Subiri kidogo, nakuunganisha," akaisukuma simu ile meza ya pili.

Kisha akapokea nyingine. Mwenzake aliniambia baadaye kwamba wakati yeye anasikiliza habari ile, huku machozi yanamtoka, dada alikuwa pale pale ubavuni mwake anamuunganisha mtu na famasi, halafu mwingine na wodi ya wazazi. Ilibidi amvue vile vipokea sauti vya masikioni kwa mkono wake.

Tangu siku hiyo sauti ya kazini haikuvuliwa tena. Aliitumia kwa waombolezaji, kwa mume wake, kwa muuza mkaa, kwangu. Hakulia. Msibani watu walimsifu kwamba amejikaza, na mimi nilitaka kumshika mabega nimtikise mpaka kitu kidondoke. Aliacha kazi kabla ya muda wake, akawa anakaa nyumbani, anakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa.

Sasa mjue na shemeji. Yeye alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na masokoni na sanduku lake la mawe ya shaba, kuhakikisha kilo ni kilo. Mtu wa namna hiyo hachukui kitu kwa kuambiwa. Mkate ukiletwa nyumbani aliupima kwanza ndipo tuule, na siku nilipomtania kwamba hata bibi harusi wake lazima alimpitisha kwenye mizani, alinijibu bila kucheka, "Shemeji, ningeweza ningefanya hivyo. Bahati nzuri alitosha."

Kwa hiyo hakuichagua nchi kwa picha, wala kwa maneno ya waliofika. Aliamua tuzijaribu pale pale nyumbani. Kila nchi ingepewa muda wake, na katika muda huo tungeishi kama watu wa huko, kwa saa zao na hali yao ya hewa, tuone. Majina aliyaficha, kwamba dada asije akapendelea moja kwa sababu ya sifa. Sampuli haitajwi jina mbele ya mpimaji, ndivyo alivyosema. Mimi nikazibatiza mwenyewe.

Nilimfuata jikoni nikamuuliza kama kichwa chake ni kizima. Alikuwa anaosha kikombe, akaendelea kukiosha ingawa kilishatakata.

"Shemeji," akasema, "mimi nyumba hii inanimaliza. Nikipita mlango wa chumba cha yule kijana natembea kwa kunyata, kama mwizi. Lakini si hilo tu. Nataka mama yake achague kitu. Chochote. Akisema hiki nakitaka, hiki sikitaki, nitajua amerudi. Hata akichagua kibaya, nitakifuata."

"Na asipochagua?"

"Nchi ni nyingi," akasema.

Basi tukaanza na Nchi ya Makoti. Shemeji alifungulia feni zote, akaazima mashine ya kupoza hewa kwa fundi wa mafriji, na sisi tukakaa sebuleni tumevaa makoti mazito na soksi, tunatetemeka kwa hiari, wakati nje watu wanapita na mashati mepesi. Jirani aliyekuja kuazima ngazi alitukuta hivyo. Hakuuliza kitu, na ngazi hakuirudisha kwa muda mrefu. Dada alikaa na koti lake limefungwa mpaka shingoni. Shemeji akamwinamia. "Unaonaje, mama? Baridi inakufaa?"

"Sawa tu, baba."

Waliendelea kuitana baba na mama. Mimi ilikuwa inanichoma kila nikisikia, maana aliyewapa vyeo hivyo hayupo. Wao nadhani hawakusikia tena.

Ikafuata Nchi ya Ngazi, ambayo ilikuwa ya milima. Tuliishi ghorofa ya juu, lifti ilikuwepo na siku hizo ilifanya kazi, muujiza wenyewe, lakini tulikatazwa kuigusa. Tulipanda na kushuka kwa miguu na vikapu vya sokoni. Mimi nilimlaani shemeji kila ghorofa kwa neno jipya. Dada alipanda mbele yetu bila kupumzika na bila kuhema, macho mbele, na alipofika juu alisubiri mlango ufunguliwe. Shemeji alifika anashika kiuno, amejaa matumaini. "Vipi, mama? Utaweza kuishi mlimani?" Mnajua alichojibiwa.

Halafu ikaja Nchi ya Usingizi. Huko, kwa maelezo ya shemeji, jua likiwa kali mchana watu wote hufunga maduka na madirisha wakalala, na kazi hurudi jioni. Nilipenda nchi hiyo. Nilishona mapazia mazito ya nyumba nzima, kila mchana nyumba ikawa giza na kimya, na shemeji akatupangia kila mtu alale. Siku moja nilipita mlangoni kwao nikamwona dada amelala ameelekea ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo. Nilisimama. Sikujua kama niingie. Kabla sijaamua, shemeji alinipita na ndala zake, akakaa kitandani, akamuuliza kwa upole kabisa, "Umepumzika, mama? Nchi hii naiona kama inakupenda."

Mabega yakatulia. "Sawa tu, baba."

Shemeji akatoka anatabasamu. Kwa hesabu zake, mama alikuwa amelala vizuri kuliko katika nchi zote zilizopita, na kwa kuwa hachagui kwa mdomo, labda mwili umechagua. Akaanza kushughulikia ruhusa ya kuhamia huko. Tulisubiri sana. Maisha ya nyumbani yalikuwa ya watu wanaosubiri basi: hakuna anayeondoka, hakuna anayekaa. Mimi nilishona. Dada alikunja. Shemeji alinunua masanduku mawili yanayofanana, akayapima yakiwa matupu.

Siku ya kwenda ubalozini nilikwenda nao, nikakaa kwenye kiti cha nyuma ukutani. Chumba kilikuwa na meza moja, bendera ndogo, na ua la plastiki lenye vumbi. Ofisa alikuwa msichana mwenye miwani, mwenye adabu. Alimuuliza shemeji maswali yake, shemeji akajibu yote kama mwanafunzi aliyesoma. Kisha akamgeukia dada. Alieleza kwamba ni utaratibu wao, mume na mke kila mmoja ajibu mwenyewe.

"Mama, unahamia kwetu kwa hiari yako?"

Shemeji akajisogeza kitini, akataka kusema neno, ofisa akainua mkono kumzuia.

"Hapana," dada akasema.

Ofisa alidhani hakueleweka, akarudia swali polepole.

"Nimekusikia, mwanangu. Hapana. Sitaki."

Haikuwa sauti ya kazini. Ilikuwa imekwaruza, imepanda mwishoni, sauti ya mtu anayegombana na redio. Na shemeji, jamani, uso wa shemeji. Nchi aliyoihangaikia ilikuwa inamponyoka mbele ya macho yake, naye akacheka kama mtoto. Alimshika dada mkono juu ya meza ya watu.

"Amesema hataki!" akanigeukia. "Shemeji, umesikia? Basi yameisha. Hatuendi. Tunabaki!"

"Sikusema tunabaki," dada akasema. "Nimesema mimi nabaki."

Ofisa alikuwa mtu mwenye utu. Alisema anakwenda kutafuta muhuri, akatoka, akafunga mlango.

Shemeji alikuwa bado ameushika ule mkono. "Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea kitu."

"Sasa?"

"Kila nikitaka kulia, unaniletea nchi."

Alisema bila hasira. Aliendelea hivyo hivyo, anaangalia meza. "Nakaa pale sebuleni, nasikia kinaanza kupanda, hapa, kifuani. Nasema leo kitatoka. Wewe huyo, na koti. Nalala, kinapanda, wewe huyo, umepumzika, mama? Nakirudisha chini. Kimekuwa kizito, baba. Siwezi kukibeba na wewe juu yake."

"Basi lia," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Lia sasa hivi. Sitasema neno."

"Ukiwepo siwezi. Nitakuwa nakuangalia wewe unavyoumia, nikuhudumie." Akautoa mkono wake taratibu. "Wewe nenda. Nchi hii umeitaka. Nenda wewe kwanza."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nenda tu."

Nilitaka kuingilia. Nina mdomo, kila mtu anajua. Nilitaka kumwambia dada kwamba mzee huyu naye alizika mtoto, kwamba alivaa koti kwenye joto kwa ajili yake. Lakini nilikuwa nimeisikia sauti yake, na niliogopa nikigusa kitu itarudi ilikokuwa.

Shemeji alirekebisha kola yake. Akasema, "Nilisema atakachochagua nitakifuata." Hakumwambia yeyote, alisema tu. Ofisa aliporudi, walibakisha jina moja kwenye maombi, la shemeji.

Aliondoka asubuhi ya kawaida. Sanduku moja alilichukua, la pili alilirudisha juu ya kabati. Dada alimpigia pasi mashati, akampangia soksi, akamkumbusha dawa yake ya presha. Mlangoni walisimama kama watu wawili waliokutana benki. Shemeji akasema, "Haya, mama." Dada akasema, "Haya, baba. Safari njema." Mimi nikabeba begi dogo tukashuka naye kwa lifti. Sikusikia huzuni wala hasira. Sikusikia kitu, kama mguu uliolaliwa vibaya.

Dereva wa teksi alikuwa anahangaika na buti lisilofunga. Shemeji alishafungua mlango wa nyuma, mguu mmoja uko ndani, ndipo sauti ikatoka juu. Dirisha la chumba cha yule kijana lilikuwa limefunguliwa, dirisha ambalo hakuna aliyeligusa tangu msiba, na dada yangu alikuwa analia humo ndani. Hakuwa analia kistaarabu. Alikuwa analia kama wanawake wanavyolia siku ile ile maiti inapofika, anamwita mtoto kwa jina, anamgombeza, anamuuliza amemwachia nani. Watu barabarani waliinua vichwa.

Shemeji aliushika mlango wa teksi kwa mikono miwili. Alitazama juu, halafu akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yananiomba. Alihitaji neno moja tu kutoka kwangu, angepanda zile ngazi mbio, hata lifti asingeingoja.

Nikatikisa kichwa.

Akaingia garini, akavuta mlango. Dereva akamuuliza kama wangoje kidogo, maana inaonekana kuna msiba juu. Shemeji akamwambia waende.