Kifuniko Kilicholegea

Fundi Kalibu, kama majirani walivyomwita, aliyeyusha alumini uani na kuimimina kwenye kalibu za mchanga. Alitengeneza vipuri vya vifaru vya kivita vya mfano, vikubwa kama kitanda cha mtoto, vya kuchezewa na watu wazima. Magurudumu yake ungeyatafutia kasoro ukachoka. Ila vifuniko vya juu, pale dereva anapotokea, vilimletea maneno kila mara, kwa sababu bawaba zake alizisugua kwa tupa mpaka zikalegea.

Siku hiyo mteja alikuja juu. "Fundi, unanitania? Nikikohoa tu, kinafunguka! Kwenye kifaru cha kweli kifuniko ni kigumu, watu wawili wanahangaika nacho."

"Najua," fundi alisema.

Mkewe, aliyekuwa akichekecha mchanga, aliweka chekeche chini, akaingia ndani. Kitinda mimba wao alikuwa dereva wa kifaru. Barua ya jeshi ilisema moto ulianzia nyuma, na wenzake walijitahidi sana kumfungulia.

"Basi kikaze," mteja alisema.

Fundi alikifungua kifuniko kwa kidole kimoja, akakifunga, akakifungua tena.

"Kukaza siwezi, baba. Katafute fundi mwingine."